Mgongo wa Maneja

Ukiniomba leo nikueleze uso wa marehemu maneja wetu, nitababaika. Masharubu alikuwa nayo, hilo nina hakika nalo, na jino moja la mbele lilikuwa limekatika pembeni. Basi. Lakini mgongo wake! Mgongo wake naujua kama mlango wa nyumba yangu. Najua bega la kushoto lilivyokuwa limeshuka kidogo, najua ukosi wa shati ulipochakaa kwa jasho, na kofia ilipokuwa ikiacha alama shingoni. Ningeweza kuuchora nimefumba macho.

Alikuwa maneja wa bendi yetu ya harusi hapa Rumonge: gita, besi, kinanda, ngoma, na waimbaji wawili. Wa kwanza ni mpiga gita mwenyewe, ambaye huimba huku anapiga. Wa pili ni mimi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, ninayeimba wakati bibi harusi anatolewa ndani. Mpiga gita akiimba, maneja alisimama mbele yake, mikono kifuani, amemkazia macho. Akija mwimbaji mgeni kutoka Bujumbura kujionyesha, maneja anamwangalia. Hata mjomba fulani wa bibi harusi akinyakua mikro atuumize masikio, maneja anamwangalia mpaka mwisho, tena kwa heshima. Zamu yangu ikifika, anageuka. Anatazama ukuta, au jenereta, au ziwa, au mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba. Nikimaliza anageuka tena, anafuta jasho shingoni, anasema, "Haya, endeleeni." Miaka nenda, miaka rudi, ni hivyo hivyo.

Sasa amekufa. Ilikuwa tansiyo, presha ya damu. Aliingia hospitali kwa miguu yake, akitaniana na muuguzi juu ya timu gani itashuka daraja, na kesho yake tukamzika. Hakunieleza kitu. Tangu siku ile nikawa sishiki mikro. Watu wakasema nimesusa. Sikususa, haki ya Mungu. Kila nikifungua mdomo nilikuwa naona ule mgongo, najiuliza: huyu bwana alikuwa anaipenda sauti yangu, au alinivumilia tu miaka yote hii? Nikawa naufunga mdomo palepale. Bendi ikaanza kukataa harusi kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe nikaanza kufikiri kwamba labda kuimba kumeishia hapo, nibaki kuuza visamaki vyangu vya ndagala sokoni.

Nisieleweke vibaya, hakuwa mtu mkali. Kichekesho kitupu alikuwa! Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: mpira. Timu yetu ya hapa, ile yenye jezi za kijani, ilikuwa ndiyo mke wake wa kwanza, na bibi yake wa nyumbani alilijua hilo akanyamaza. Ikienda kucheza Nyanza-Lac, anaenda. Ikienda Bujumbura, anaenda, hata wiki hizi za kusaka mafuta ya gari kama dawa. Rumonge nzima ilijua utaratibu: kabla ya kwenda kwa imamu kupanga tarehe ya ndoa, mjomba wa bibi harusi anapita kwanza kwa maneja kuuliza timu inacheza lini. Asipopita, shauri yake, atapata ngoma bila bendi.

Na bendi yenyewe aliiendesha kama timu. Kabla ya kila harusi alituita pembeni akatupanga kikosi. Mpiga ngoma alikuwa beki wa kati, "usipande, weye kaa nyuma ulinde." Kinanda kilikuwa kiungo. Mpiga besi alitolewa mara nyingi katikati ya wimbo: unaona maneja anazungusha mikono hewani kama refa wa akiba, na yule maskini anaweka chombo chini, anatoka ameinamisha kichwa, watu wanapiga makofi bila kujua kuna nini. Mimi aliniita Namba Tisa, kumbe ndiyo jezi ya mfungaji. Nilifikiri ni jina tu la kunitania, kwa sababu mimi mpira siujui na nilikuwa siutaki. Siku za mechi watu wanapita sokoni kwa wingi. Niache biashara niende kutazama wanaume wazima wakigombania ngozi?

Mara moja tu alikosea mahesabu, harusi ikaangukia siku ya mechi. Ilikuwa Kizuka, bwana harusi ni mtoto wa binamu yake, hakuweza kukataa. Alikuja na redio ndogo mfukoni, waya umepita chini ya kofia mpaka sikioni. Tukawa tunapiga taratibu, wageni wanakula wali wao, mara maneja anaruka juu, anampungia mpiga ngoma kwa mikono miwili: washa moto! Tukawasha. Watu wakaacha sahani, wakaingia kucheza. Maneja machozi yanamtoka. Mama wa bwana harusi akamkumbatia, naye akalia, akamwambia, "Kumbe unamupenda mutoto wangu hivi!" Alijibu, "Sana, mama, sana," huku kidole kikisukuma waya ndani zaidi. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia redio ikishangilia goli.

Lakini hata siku ile, bibi harusi alipotoka na mimi nikapanda kuimba, aligeuka. Alitazama shamba la michikichi.

Na hapa ndipo paliponichanganya. Angekuwa hataki sauti yangu, angeniweka mwanzoni, wakati watu bado wanatafuta viti. Au angetafuta mwingine; waimbaji wanawake hawakosekani kwenye pwani hii, kuanzia Muhuta mpaka Nyanza-Lac. Hapana. Aliniweka palepale kwenye kilele cha sherehe, mlango unapofunguliwa na kila mtu amesimama. Siku niliyoamka na homa aliahirisha kumtoa bibi harusi, akakaa nje ya nyumba yangu na chupa ya chai ya tangawizi mpaka nikapata sauti. Kisha nikaimba, naye akageukia jenereta. Mtu wa namna gani anayekubembeleza uimbe halafu anakugeuzia kisogo?

Mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mama yangu alisema nilizaliwa mdomo ukiwa wazi. Kwa hiyo siku moja nilimuuliza. Tulikuwa Muhuta, tumesimama kula kabla ya kufika harusini, yeye anatoa miiba kwenye mukeke wake taratibu kama fundi saa.

"Maneja," nikasema, "sauti yangu inakukera?"

"Nani amesema?"

"Mgongo wako umesema."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nilimpiga mgongo huohuo apumue, tena nilimpiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipopata pumzi akasema, "Namba Tisa, kula samaki, itapoa." Akaanza kunisimulia habari za beki wa kulia anayetaka kuhama timu. Nusura nimmwagie mchuzi kichwani.

Baada ya mazishi nilimwendea bibi yake. Yuko kwenye eda, amekaa kwenye mkeka, majirani wanaingia na kutoka na vyungu. Tulilia kwanza. Kisha nikamuuliza, maana swali lilikuwa limenikaa kooni.

"Dada yangu," akasema, "uniulize sukari ngapi kwenye chai yake, nitakujibu. Mambo ya kuimba na ya mupira alikuwa anaacha mulangoni pamoja na viatu. Na miye kwenye harusi nakaa ndani na wanawake wenzangu, siku hata moja sijamuona kazini kwake." Akafikiri kidogo, akitengeneza mtandio. "Uliza watu wa tereni, hao wa kiwanja cha mupira. Kule ndiko alikuwa anafungua roho."

Watu wa tereni watajua nini kuhusu kuimba? Niliaga, nikatoka nimenuna.

Nikamfuata mpiga gita. Huyu ni mdogo wangu kwa umri, huniita Yaya kama dada yake mkubwa, tumeimba pamoja tangu hana ndevu. Nilimkuta kwenye ukumbi wa nyumba yake anabadilisha nyuzi.

"Yaya, nikuambie ukweli?"

"Sema."

"Usikasirike."

"Sema bwana!"

"Nafikiri hakupenda sauti ya mwanamuke. Alikuchukua juu ya harusi zinaomba mwanamuke. Miye alikuwa ananitolea macho muda wote, mpaka nilikuwa nasahau maneno. Mutu akipenda kitu anakiangalia, si ndiyo?"

Niliumia, na sioni sababu ya kuficha. Nilirudi sokoni nikawauzia watu ndagala bila kuwasalimia, mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa tena. Jioni ile nilikata kauli: sitaimba tena. Kama yule aliyenisikia kuliko wote hakutaka kuniona, basi hao wengine wanapiga makofi kwa adabu tu.

Ndipo wachezaji wakaamua kumfanyia maneja mechi ya kumkumbuka, kijani dhidi ya Nyanza-Lac, na bendi ipige wakati wa mapumziko. Mpiga gita akaja kwangu na kofia mkononi. Walitaka niimbe ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, kwa sababu maneja hakukubali sherehe iishe bila huo.

"Siimbi," nikasema.

"Yaya, tafadhali."

"Nitakuja kukaa. Kuimba, siimbi. Mutafute mwingine."

"Basi njoo ukae. Tutakuwekea mikro karibu."

"Wekeni mbali."

Nikaenda, nimevaa kitenge changu kizuri kwa heshima ya marehemu. Tangu nizaliwe ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia tereni. Ziwa limepanda miaka hii, kona moja ya uwanja imeliwa na maji, na mpira wa kona upande ule unapigwa mchezaji akiwa na matope mpaka kifundo. Bendi ilikuwa imefunga sono, spika na nyaya zake zote, chini ya michikichi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, nao wananifahamu, "Amahoro, mama! Karibu, mama!" Nikapelekwa nyuma ya goli, kwenye kamba, mahali palipoachwa wazi. Mzee mmoja mshona nyavu, ambaye zamani aliichezea timu ya kijani, alinitandikia gunia.

"Kaa hapa," akasema. "Hapa ndipo alikuwa anasimama."

Nikakaa. Mpira ukaanza. Sitakudanganya, sikuelewa kitu. Wanakimbia kule, wanarudi huku, watu wanamtukana refa, nami nikawa nahesabiwa kama mmoja wao. Lakini niliangalia watu. Nilijaribu kumwona maneja pale, akiwa amesimama na wenzake hawa nisiowajua, akipiga kelele kwa sauti ambayo sisi harusini hatukuisikia kamwe. Ni ajabu kwamba mtu unayekula naye ana watu wengine kabisa upande wa pili wa mji, nao wanamlilia kama wewe.

Karibu na mapumziko refa akapiga filimbi, akanyoosha kidole chini. Upande wetu ukalipuka. "Penati! Penati yetu!" Hilo neno hata mimi nalijua. Kijana wa jezi ya kijani akachukua mpira, akauweka chini mbele ya goli hili hili nililokaa nyuma yake, hatua chache kutoka nilipo. Nikanyoosha shingo nione vizuri.

Wallahi, wote wakageuka.

Safu nzima nyuma ya goli, vijana kwa wazee, hata mama mmoja muuza karanga, wote wakaligeuzia goli mgongo, wakatazama ziwa. Kimya. Nikabaki mimi peke yangu nimekodoa macho kama mgeni aliyeingia msikitini na viatu.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza mshona nyavu. Naye alikuwa amegeuka. "Mbona munageuka?"

"Ni yeye alituzoesha," akasema bila kunitazama. "Penati yetu alikuwa hawezi kuangalia. Roho ilikuwa haimupi. Aliogopa jicho lake litamuangusha mupigaji. Mwanzoni tulimucheka. Halafu tukaanza kugeuka naye, na leo tunamufanyia heshima yake."

"Penati zote?"

"Ah, hapana. Ya adui alikuwa anaangalia, tena anafika mbele kabisa. Na ya kwetu, ilitegemea nani anapiga." Bega lake lilikuwa linanigusa. "Mupigaji ambaye yeye alikuwa na hakika kwamba atakosa, alimuangalia tu. Atapoteza nini? Mutu akishajua kitu hakiendi popote, anaangalia bila shida. Aliyekuwa anamuamini, huyo ndiye alikuwa anageuka. Anageuka na anatoka jasho mpaka shati inalowa."

Nilishika kamba.

"Miye nilipiga penati moja katika maisha yangu," mzee akasema. "Niliweka mupira chini, nikainua macho, nikamuona iko hapa, uso kwa uso, mikono kifuani. Ananiangalia. Nikajua palepale." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayegusa kidonda kilichopona nusu. "Nilipiga juu, mupira ukaenda kwenye michikichi. Tumekuwa marafiki mpaka kufa kwake, nimemubeba kwenye jeneza. Lakini mama, mpaka leo inaniuma kwamba aliniangalia."

Kijana akapiga. Kipa akaruka huku, mpira ukaenda kule. Niliuona mimi, peke yangu katika upande ule wote. Migongo kama mia ilikuwa inasubiri, masikio yamesimama, na kule ng'ambo watu wa Nyanza-Lac wamenyamaza.

"Imeingia!" nikapiga kelele. Sauti ilinitoka kubwa, safi, kutoka chini kabisa tumboni, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike. "Imeingia, jamani! Imeingia!"

Wakageuka, wakanikumbatia, kitenge changu kikakanyagwa, mshona nyavu akanipiga mabega kama mwanamume mwenzake. Nilikuwa nalia. Walifikiri ni kwa ajili ya goli, na mimi sikuwarekebisha, maana nilimkumbuka yule mama wa Kizuka aliyemkumbatia maneja.

Ewe mwanamume! Miaka yote hiyo. Ungenong'ona hata neno moja tu, pale Muhuta, juu ya ule mukeke! Nilimkasirikia kweli, nilitamani afufuke nimgombeze kisha afe tena kwa amani. Na papo hapo nilijisikia mwepesi. Ukosi ule ulioloa, hata siku za upepo wa ziwa. Jasho lile alilofuta kila nilipomaliza. Mambo hayo nilikuwa nayo mbele ya macho yangu muda wote, na watu wa tereni walikuwa na maelezo yake muda wote, na katikati yetu kulikuwa na mji mdogo tu, unaouvuka kwa mguu kabla chai haijapoa.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Nikaenda kwenye michikichi. Mpiga gita aliponiona nakuja, akasimama.

"Yaya?"

"Nipe mikro."

"Utaimba?"

"Nipe mikro, na usinitolee macho. Piga gita."

Akapiga utangulizi, ule ule wa mlango kufunguliwa. Watu walikuwa wamesogea, wa kijani na wa Nyanza-Lac wamechanganyika, kila uso umenielekea, simu zimeinuliwa juu. Nyuso nyingi hivyo! Zamani nilizipenda. Siku ile zilinitia baridi. Nikainua mkono, gita likanyamaza.

"Geukeni," nikasema kwenye mikro.

Wakatazamana.

"Kama munafikiri nitaweza, geukeni."

Mshona nyavu alikuwa wa kwanza. Alivua kofia, akageuka polepole, akatazama ziwa. Kisha wale wa nyuma ya goli wote, wao walielewa. Kisha wachezaji. Wa Nyanza-Lac wakaguna, wakaulizana, nao wakageuka. Mwisho akabaki refa, mtu wa Bujumbura, ameshika chupa yake ya maji akishangaa watu hawa wana nini. Mama muuza karanga akamshika bega, akamzungusha.

Nikaiangalia ile migongo, mashati ya kijani, vitenge, mabega ya wavuvi. Niliutafuta wa kwake kati yao kwa mazoea, lile bega la kushoto lililoshuka, na haukuwepo. Gita likaanza upya. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye mikro, nami nikaimba, na sauti haikukatika.